Mia Moja Iliyoisha Usiku: Pesa, Kredo na Bando Si Kitu Kimoja

Jumatatu moja asubuhi, kabla chai haijapoa, ujumbe uliingia kwenye dawati letu la huduma kwa wateja: "Mmekula mia yangu. Nirudishieni." Aliyeandika ni dereva wa boda huko Kitengela. Usiku uliotangulia alinunua kredo ya shilingi 100 kupitia huduma yetu, akaweka simu kwenye chaji, akalala. Alfajiri alipotaka kumpigia mteja wake wa kwanza, amebakiwa na shilingi 2. Hakuwa amepiga simu hata moja. Kwake yeye mwizi alikuwa sisi, maana meseji ya mwisho ya pesa kwenye simu yake ilikuwa yetu.

Tulifungua akaunti yake tukaangalia. Pesa ilitoka mara moja tu, shilingi 100, na kredo ilifika kwenye laini yake muda uleule. Tukamwandikia: "Pole sana kaka. Hebu ingia kwenye setingi za simu utuonyeshe ni data ngapi ilitumika usiku." Akatuma picha ya skrini. Bando lake la saa 24 lilikuwa limefika mwisho saa nne usiku, yeye akiwa amelala, na data alikuwa ameiacha imewashwa. Simu haikulala. Iliendelea kusasisha programu moja baada ya nyingine, na kwa kuwa bando halikuwepo tena, ikawa inalipia kwa kredo. Kufikia alfajiri, mia imekwisha.

Malalamiko kama haya tunayapata mara kwa mara, yakiwa yamevaa nguo tofauti. Mara ni mwanafunzi wa chuo, mara ni mama wa duka. Ndiyo maana leo tumeamua tuketi chini tuyaeleze polepole, hasa kwa wewe unayenunua bando kidogo kidogo, la 20 leo na la 50 kesho.

Mifuko mitatu

Ndani ya simu yako kuna mifuko mitatu. Wa kwanza ni pesa ya simu. Hii haitoki bila PIN yako. Wa pili ni kredo, yaani muda wa maongezi. Hii inatoka bila kukuuliza: ukipiga simu inatoka, ukituma meseji inatoka, na simu ikitaka intaneti bila bando inatoka pia. Wa tatu ni bando, ambalo lina kiasi chake na mara nyingi lina saa yake ya kufa.

Kosa la rafiki yetu wa Kitengela halikuwa kununua kredo. Kosa lilikuwa kuhifadhi pesa ndani ya kredo. Alitaka mia ya kesho iwe tayari, akaitoa kwenye mfuko wenye kufuli akaiweka kwenye mfuko usio na kufuli, kisha akazima taa. Na kredo ikishanunuliwa hairudi kuwa pesa kirahisi. Kwa hiyo ushauri wetu wa kwanza, na kama utasahau mengine yote shika huu: acha pesa ikae kwenye akaunti mpaka dakika unayojua inanunua nini. Ukitaka bando, lipia bando moja kwa moja kutoka kwenye pesa ya simu, usipitie kredo. Kredo nunua ya kupiga simu tu, na ununue ya kukutosha siku hiyo.

(Ndiyo, tunajua sisi ni kampuni ya malipo na tunafurahi pesa ikikaa kwetu. Lakini hesabu ni ileile hata kama unatumia huduma ya wengine.)

Pia unaweza kuziba huo mlango wenyewe. Kampuni za laini zina uchaguzi wa kuzuia intaneti isile kredo bando likiisha. Kwa Safaricom utaupata ndani ya *544#. Menyu hizi hubadilishwa mara kwa mara, kwa hiyo soma mpaka ukurasa wa mwisho, usiishie kwenye ofa za juu. Ukiwa na laini nyingine, piga huduma kwa wateja uulize swali moja: "Nataka bando likiisha data ikatike. Nifanyeje?" Wakati huo ukingoja, kuna dawa ya bure ambayo ni kuzima data kabla ya kulala. Wenye laini mbili mhakikishe data iko kwenye laini yenye bando, kwa sababu tumeona watu wamenunua bando kwa laini moja huku simu inavuta kwa nyingine.

Nani anakula bando lako?

Watu wengi wanatuambia, "Mimi hutumia WhatsApp tu, sasa bando linaenda wapi?" Usibahatishe. Kwenye simu ya Android ingia setingi, kisha sehemu ya mtandao au SIM, utafute matumizi ya data. Utaona orodha ya programu, mlaji mkubwa akiwa juu. Ya dereva wetu ilikuwa na Play Store juu kabisa. Mtu wa duka aliyemwandalia simu alikuwa amechagua programu zisasishwe kwa mtandao wowote. Ilichukua chini ya dakika moja kubadilisha: fungua Play Store, bonyeza picha yako juu kulia, ingia setingi, kisha uchague zisasishwe kwa Wi-Fi pekee. Zile muhimu, kama za benki na za pesa, zisasishe mwenyewe ukiwa kwenye Wi-Fi unayoiamini, kwa sababu hizo hazifai kukaa za kizamani.

WhatsApp nayo ina tabia zake. Grupu ya chama, grupu ya steji, ya kanisa, ya mazishi, ya darasa la mtoto: kila picha inayotumwa huko inaweza kupakuliwa bila wewe kuigusa. Ingia setingi za WhatsApp, sehemu ya hifadhi na data, utoe alama zote kwenye upakuaji wa mtandao wa simu. Picha zitabaki na ukungu mpaka uziguse, nawe utagundua nyingi hukuzihitaji. Hapohapo kuna kitufe cha kutumia data kidogo kwenye simu za WhatsApp, kiwashe. Halafu angalia nakala ya akiba ya mazungumzo iwe kwa Wi-Fi pekee. Hiyo nakala ikiamua kupanda usiku na vidio zako zote, itamaliza bando ukiwa ndotoni.

Lakini tusidanganyane, mlaji mkubwa kwa wengi wetu ni vidio. Vidio yenye ubora wa 1080p inaweza kula zaidi ya GB moja kwa saa. Ile ya 144p au 240p inakula kiasi kidogo sana ukilinganisha, na kwa skrini ya simu ukitazama habari au mahubiri huhitaji kuona nywele moja moja za mtangazaji. YouTube na TikTok zote zina uchaguzi wa kuokoa data. Android yenyewe ina "Data Saver", ambayo inazizuia programu kutumia intaneti kwa siri ukiwa huzitumii. Iwashe, kisha uiruhusu ile moja au mbili unazotaka zikuamshe, kwa mfano WhatsApp ya biashara.

Hotspoti ni mtego ambao hata sisi ofisini umetunasa. Ukimwashia mwenzako hotspoti, kompyuta yake inaona hiyo ni Wi-Fi. Zile setingi zote za "kwa Wi-Fi pekee" zinafunguka kwa furaha, na Windows inaanza kujisasisha kwa bando lako la 50 bob. Kabla hujampa nenosiri, mwambie aweke huo mtandao kuwa wa kulipia kwa kipimo. Kwenye Windows panaandikwa "metered connection".

Hesabu ya bando la bei poa

Bando la bei ya chini si lazima liwe la bei rahisi. Tuchukue mfano, nambari ni za kufundishia tu. Bando A: shilingi 20, MB 200, saa 24. Bando B: shilingi 50, GB 1, linakufa saa sita usiku. Bando C: shilingi 100, MB 500, halina mwisho. Kwa karatasi, A inakupa MB 10 kwa kila shilingi, B kama MB 20, C inakupa 5. B inashinda, si ndio?

Sasa sema umenunua B saa tatu usiku, kwa sababu ndipo ulipotoka kazini. Una saa tatu tu. Ukatumia MB 150, ukalala. Umelipa shilingi 50 kwa MB 150, yaani MB 3 kwa shilingi. Ghali kuliko C uliyoikimbia. Kwa hiyo kabla ya kununua, jiulize mambo mawili tu: linakufa saa ngapi, na mpaka saa hiyo nitakuwa nimetumia ngapi kweli? Anayetazama mpira jioni nzima, B ni yake. Anayefungua simu mara nne kwa siku kuangalia oda za wateja, C inamfaa hata kama kwa macho inaonekana ghali.

Kukopa kredo ili ununue bando ndiyo njia ghali zaidi. Okoa Jahazi, kwa mfano, hukata asilimia 10 mwanzoni: ukikopa 100 unapokea 90, deni linabaki 100. Ukifanya hivyo kila siku mbili, umejiwekea kodi yako mwenyewe juu ya ile ya serikali. Na ya serikali si ndogo. Sheria ya Fedha ya 2023 iliweka ushuru wa asilimia 15 kwenye muda wa maongezi na data, ukiwa umeshuka kutoka 20, na VAT ya asilimia 16 ipo palepale.

Data ikikatika katikati ya malipo

Hapa ndipo tunaomba usome mara mbili. Uko petroli, umelipa 300 kwa programu, kile kiduara kinazunguka, kisha kimya. Bando limeisha. Nyuma yako kuna watu wanapiga honi, na mhudumu anakuangalia. Wengi hukopa data haraka, wanafungua tena na kulipa tena. Kesho yake wanatupigia: nimekatwa mara mbili.

Kiduara kikikwama, moja kati ya mambo mawili limetokea. Labda agizo halikutoka kwenye simu yako. Au limetoka, pesa imelipwa, na jibu ndilo limekosa njia ya kurudi. Simu yako haiwezi kujua ni lipi. Kwa hiyo usirudie kwanza. Subiri meseji, kwa sababu meseji haihitaji bando. Kama haijaja, piga ule msimbo wa huduma yako, unaoanza na nyota na kuishia na reli, uangalie salio. Salio likiwa limepungua, umeshalipa. Likiwa halijapungua, lipa kwa huo msimbo uleule.

Hilo la msimbo wengi hawalijui: msimbo hautumii intaneti kabisa. Unapita kwenye njia ya mtandao wa simu ya kawaida, ndiyo sababu kabambe inatuma pesa sawa na simu ya elfu themanini. M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, hakuna aliyeuliza kama una bando. Kwa hiyo usikae na hofu kwamba bila data umekwama kwenye matatu. Ujue tu msimbo kwa kichwa.

Na wewe unayeuza, mama mboga au mwenye kibanda, kanuni hii inakulinda upande wako. Mteja akikuonyesha skrini yake kwamba ametuma, hiyo ni skrini yake. Angalia meseji kwenye simu yako na salio lako, hata kama huna data, hata kama anasema ana haraka.

Tena kuna wale wanaotumia kiu yetu ya bando. Utaona linki kwenye grupu: pata GB nyingi bure, bonyeza hapa, tuma kwa watu 10. Imetumwa na shangazi, kwa hiyo inaonekana salama. Naye aliipata kwa mtu mwingine. Ukurasa unafanana na wa kampuni ya laini, na mwishoni unaulizwa namba na PIN. Hakuna bando linalohitaji uandike PIN yako kwenye ukurasa wa intaneti. Kama umeshaiandika, usianze kumtafuta aliyekutumia. Badilisha PIN sasa hivi kwa kutumia msimbo, kisha tupigie, nasi tutaishikilia akaunti huku tukiangalia kama kuna kilichotoka.