Gari likitetemeka kwenye sailensi: vidokezo kutoka Pasua kabla hujanunua koili

Umeshusha abiria Pasua sokoni, gia umeiweka N, mguu umeutoa kwenye mafuta. Gari linaanza kutikisika kama mtu mwenye homa. Ukikanyaga mafuta kidogo linatulia, ukiachia linarudia. Mafundi watakwambia injini inamisi, au haina sailensi, yaani haikai sawa gari likiwa limesimama na injini inawaka. Magari yetu mengi hapa Moshi ni IST, Vitz, Probox, Noah na ndugu zao. Injini zao ni ngumu na zinavumilia mengi, na mara nyingi kinachozisumbua ni kitu kidogo. Pesa inaishia kwenye kubahatisha. Mimi nimeshalipia koili nne ambazo gari langu halikuzihitaji, ndiyo maana nayaandika haya.

1. Tazama mshale wa mzunguko kwanza.
Injini ikishapata moto, mshale hukaa kati ya 600 na 800 hivi. Mshale ukiwa umetulia lakini bodi inatetemeka, hasa ukiwa kwenye D umekanyaga breki, injini yenyewe inaweza kuwa nzima kabisa: angalia maunti, zile raba zinazoishikilia. Kwa mashimo ya mitaa yetu, raba hizo hazidumu. Mshale ukicheza juu na chini, hapo endelea kusoma. Na kama una Passo au Vitz ya cc 1,000 yenye silinda tatu, mtetemo kidogo ni wa kuzaliwa. Usiutibu.

2. Kumbuka linatokea lini.
Asubuhi tu, au hata likiwa moto? Ukiwasha AC? Siku uliyoosha injini? Baada ya kujaza mafuta kituo usichokizoea? Majibu hayo manne yanampunguzia fundi nusu ya kazi. Injini baridi kuanza na mzunguko wa juu kidogo kisha kushuka taratibu ni kawaida yake.

3. Tafuta silinda iliyolala.
Hiki ndicho kidokezo ninachokipenda kuliko vyote, kwa sababu hakihitaji mashine na ukikiona mara moja hudanganywi tena.

Jirani yangu, mama anayeshusha ndizi kutoka Marangu kwa Probox, alikuja gereji akiwa ameshaambiwa anunue koili zote. Fundi kijana alifungua boneti, akazima injini, akachomoa soketi ya koili ya kwanza, kile kichwa kidogo cha plastiki chenye nyaya. Akawasha. Mtetemo ukazidi. Maana yake silinda hiyo ilikuwa inafanya kazi na sasa ameinyima umeme. Akazima, akairudisha, akaenda ya pili. Ikawa vilevile. Alipofika ya tatu na kuwasha, hakuna kilichobadilika. Injini iliendelea na mtetemo wake uleule, wala haikujali.

"Mama, amelala huyu hapa," akasema, akigonga kifuniko kwa kidole.

"Basi mwanangu, ninunue hiyo moja?"

"Subiri kwanza, mama. Usinunue kitu."

Akaitoa koili ya tatu akaiweka kwenye silinda ya pili, na ya pili akaileta kwenye ya tatu. Akarudia kipimo. Ugonjwa ulikuwa umehamia silinda ya pili. Umeifuata koili, kwa hiyo koili ndiyo mbovu. Kama ungebaki silinda ya tatu, angefanya hivyo hivyo na plagi, kisha nozeli. Mama yule alinunua koili 1 badala ya 4, na jioni ileile akapanda zake Marangu.

Maangalizo mawili. Soketi ichomolewe injini ikiwa imezimwa, na usinyanyue koili nzima injini ikiwaka, maana umeme wake ni wa maelfu ya volti. Pili, kila kipimo kiwe cha sekunde chache. Petroli isiyoungua inatoka na moshi na kuunguza masega ya kusafisha moshi yaliyo kwenye ekzosi, na masega ni ghali kuliko koili zote ulizokuwa unaziogopa.

4. Isome plagi kabla ya kuitupa.
Ncha ya kahawia hafifu ni afya. Nyeusi kavu kama masizi ni mafuta mengi kuliko hewa. Nyeupe iliyopauka ni hewa nyingi kuliko mafuta. Iliyolowa oili ni habari mbaya zaidi: ringi za pistoni au sili za valvu zimechoka, na plagi mpya itakupa nafuu ya wiki chache tu. Zipange mezani kwa mpangilio wa silinda zake. Nne zikifanana, tatizo ni la injini nzima. Moja ikiwa tofauti na wenzake, umeshajua pa kuchimba.

5. Sikiliza hewa ya wizi.
Hapa ndipo koili zangu nne zilipopotelea. Gari lilitetemeka likiwa limesimama, likienda lilikuwa tamu. Gereji moja ikabadilisha koili, nikalipa, na mtetemo ukabaki palepale. Kosa lilikuja kuonekana kwenye mpira mmoja mfupi unaotoka kwenye kifuniko cha valvu kwenda kwenye manifodi ya hewa. Ulikuwa umekauka na kupasuka kwenye kona, upande wa chini ambako jicho halifiki. Ukiinama karibu ulisikia "shiii" nyembamba.

Kompyuta ya gari inapima hewa inayoingia, ndipo inapanga kiasi cha petroli. Hewa inayopenya kwenye ufa haijapimwa, kwa hiyo mchanganyiko unakuwa mwepesi mno. Ukiwa umesimama injini inavuta hewa kidogo sana, na ile ya wizi inakuwa sehemu kubwa ya hiyo. Ukikanyaga mafuta, hewa halali inaingia kwa wingi na ya wizi inamezwa. Ndiyo maana gari linatulia likienda. Dalili hiyo ukiiona, anza na mipira.

Namna ya kuutafuta ufa: chukua chupa ya kupulizia maji, injini iwe inawaka, puliza kidogo kidogo kwenye maungio ya mipira na gasketi ya manifodi, mbali na koili na soketi. Sauti ya injini ikibadilika ghafla, umepafikia. Wengine wanapulizia dawa ya kusafishia kabureta. Inaonyesha upesi zaidi, lakini inashika moto ikigusa ekzosi, kwa hiyo mimi siishauri. Mpira wenyewe ulinigharimu pungufu ya sahani ya chipsi kuku.

6. Vumbi letu lina kazi yake.
Anayeshuka kila siku kuelekea mashamba ya miwa ya TPC wakati wa kiangazi anajua rangi ya chujio lake la hewa. Usingoje kilometa za kwenye kitabu; lifungue, likung'ute, na likiwa limeziba libadilishe. Nyuma yake kuna throto, kile kibati cha mviringo kinachofungua na kufunga njia ya hewa. Masizi yakijenga ukingoni mwake, hewa ya sailensi inapungua na gari linataka kuzima ukifika kwenye taa. Isafishwe kwa dawa yake na kitambaa laini. Kama throto ni ya umeme, isisukumwe kwa kidole wakati swichi iko oni. Baada ya kusafisha au kuchomoa betri, sailensi inaweza kukaa vibaya kwa muda mpaka kompyuta ijifunze upya. Wenye injini zilizoandikwa D-4 wajue kwamba petroli kwao inapuliziwa moja kwa moja ndani ya silinda, haipiti kuziosha valvu za kuingizia hewa, kwa hiyo masizi hujazana huko na kusafisha throto peke yake hakutoshi.

7. Mafuta.
Uchakachuaji wa petroli kwa mafuta ya taa ulitusumbua hadi EWURA ikaanza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010, na mwaka uliofuata serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili mchezo huo usilipe. Bado, gari likianza kumisi siku ileile uliyojaza, tunza risiti, usikanyage sana, na mweleze fundi hilo kabla ya jingine lolote.

8. Maji ya kuoshea.
Presha ya maji juu ya injini inajaza visima vya plagi. Gari lililoingia kuoshwa zima likatoka linamisi halihitaji spea. Zima, toa koili, kausha visima kwa upepo wa kompresa, rudisha.

9. Mlima usisingiziwe.
Moshi mjini tuko mita 800 na ushee. Geti la Marangu liko zaidi ya mita 1,800. Huko juu hewa ni pungufu kwa takribani sehemu moja ya kumi. Pikipiki ya kabureta iliyosetiwa huku chini itatoa moshi mweusi na kubabaika kule, na hiyo ni haki yake. Gari la sindano za kielektroniki linajirekebisha lenyewe. Likipoteza nguvu kidogo mlimani sawa, likitetemeka limesimama lina ugonjwa, na ulianzia huku Pasua.

10. Mashine ya kupima ni shahidi, hakimu ni kipimo.
P0300 inasema silinda zinamisi bila mpangilio, P0301 hadi P0304 zinataja silinda yenyewe, P0171 inasema hewa imezidi mafuta. Hakuna hata moja inayosema "nunua koili". Vifaa vingi vya bei nafuu, vile vya kuunganisha na simu, havielewani na baadhi ya magari ya zamani yaliyotengenezwa kwa soko la Japani, kwa hiyo kifaa kikikaa kimya usidhani gari ni zima.

11. Mambo mawili hayangoji.
Taa ya injini ikiwakawaka huku gari likimisi, punguza mwendo na usimame mahali salama, kwa sababu masega yanaungua wakati huo. Na moshi mweupe usiokoma hata injini ikiwa moto, huku maji ya rejeta yakipungua bila kuvuja chini, unaelekeza kwenye gasketi ya silinda hedi. Gari hilo lipelekwe kwa kuvutwa.

Ukifika gereji, simama pale boneti inapofunguliwa. Fundi akikutajia spea kabla hajachomoa soketi hata moja, mwombe kwa heshima akuonyeshe kwanza silinda iliyolala. Fundi mzuri atafurahi kukuonyesha.