Jina, Heshima na Siri: Uchunguzi wa Maneno ya Kuitana katika Tamthilia ya Kijapani *Kurokawa no Techō*

1.0 Utangulizi

Makala hii inachunguza majina na maneno ya kuitana katika *Kurokawa no Techō* (Daftari la Ngozi Nyeusi), riwaya ya uhalifu ya Seichō Matsumoto ambayo imegeuzwa kuwa tamthilia ya televisheni mara kadhaa, zikiwemo zile za mwaka 2004 na 2017. Hoja yetu ni kwamba uhalifu unaosimuliwa humo una msingi wa kiisimu: ajuaye jina halisi la mtu ndiye mwenye nguvu juu yake.

2.0 Majina ya Bandia

Motoko Haraguchi, mtumishi wa benki, anachota fedha kutoka akaunti ambazo matajiri wamezifungua kwa majina ya uongo ili kukwepa kodi. Benki inapombana, anatoa daftari alimoorodhesha wenye akaunti hizo. Wakubwa wake wananyamaza, kwani kumshitaki ni kuwafichua wateja wao. Kwa fedha hizo anafungua klabu katika mtaa wa Ginza, Tokyo, na kuiita *Carnet*, neno la Kifaransa lenye maana ya daftari. Hivyo silaha yake imeandikwa mlangoni, na wateja wanapita chini yake.

Aidha, wanawake wanaolipwa katika klabu za namna hii ili waketi na wateja, wawamiminie vinywaji na kuwazungumzisha, hutumia majina ya kazi yaitwayo *genjina*. Istilahi hii inatokana na *Genji Monogatari*, utungo wa Murasaki Shikibu wa karne ya 11. Jina la bandia, basi, lina kazi mbili zinazopingana: kwa tajiri linaficha mali, kwa mwanamke wa klabu linahifadhi faragha yake.

3.0 *Mama* na *Sensei*

Mwenye klabu huitwa *mama*, awe na mtoto au asiwe naye. Kwetu pia neno hili limeingia katika biashara, kama katika *mama lishe*, lakini limebakia na maana ya kulisha. *Mama* wa Ginza hutunza wageni, na pia hutunza hesabu za madeni na siri zao.

*Sensei*, ambalo kwa asili ni 'aliyezaliwa kabla', huitwa mwalimu, daktari, wakili na mwanasiasa. Narabayashi, daktari anayeficha mapato yake, anaitwa hivyo na yule yule anayemtisha. Heshima ya neno haipungui, bali inageuka kuwa shinikizo.

4.0 Hitimisho

Mfasiri atakayeandika 'mwalimu' badala ya *sensei* atalipunguza neno; atakayeacha 'mama' bila kulifafanua ataingiza upole usiokuwemo. Tunapendekeza maneno yote mawili yabakizwe na kufafanuliwa kwa muktadha. La sivyo, tamthilia hii itapokewa kama kisa cha wanawake wa baa na hila zao, ilhali waliotangulia kudanganya ni wenye fedha waliofungua akaunti kwa majina yasiyo yao.