Betri Si Mkosaji Daima

Mjomba ana Kombi ya zamani ya Volkswagen yenye kitanda ndani. Likizo ya Agosti, tukirudi Nakuru, taa nyekundu iliwaka Naivasha tukaipuuza. Tuliposimama Gilgil kunywa chai, gari likakataa kuwaka.

Mjomba alitaka kununua betri kwa karo yangu! Fundi wa jua kali akasema, "Ngoja mzee, tupime." Tulilisukuma likawaka. Injini ikinguruma, betri yafaa kupata volti 14 hivi; yetu ilikwama 11. Kumbe mkanda umelegea, hauzungushi jenereta vizuri.

Mkanda huohuo huendesha feni inayopoza injini. Kwa hivyo taa hiyo ikiwaka, simama! Mkanda ulikazwa, karo ikasalimika. Wenzangu, pimeni kabla ya kununua.