MAYAI YA KUTOSA KWENYE MCHUZI WA NYANYA: STAFTAHI YETU MTITO ANDEI

Katika ukurasa huu ningependa tuzungumzie jambo linalotuhusu sana sisi wa shule ya kutwa, yaani kile tunachokula kabla ya kufunga safari ya asubuhi. Tusifichane. Wengi wetu huingia darasani na kikombe cha strungi tu tumboni, na ikifika saa nne matumbo yananguruma kumshinda mwalimu wa Hesabu.

Ajabu ni kwamba mji wetu umejaa mayai. Mtito Andei uko karibu nusu ya njia kati ya Nairobi na Mombasa, na mabasi na malori husimama hapa usiku na mchana. Tangu mwaka wa 2017 hata treni ya abiria ya reli mpya husimama. Na penye abiria hapakosi mtu mwenye ndoo ya mayai ya kuchemsha na bakuli la kachumbari. Yai hupasuliwa katikati, likajazwa kachumbari na chumvi, abiria akala akiwa amesimama. Wauzaji wengine ni mama zetu. Kwa hivyo mayai ya kuku wetu huliwa na wapita njia, nao watoto wa wenye kuku huenda shule na strungi! Sisemi mama waache kuuza, kwani karo hutoka kwenye ndoo hiyo hiyo. Nasema yale machache yanayobaki tuyapike kwa njia itakayomfikia kila mtu nyumbani.

Njia yenyewe ni kuyatosa kwenye mchuzi wa nyanya. Hapa mwalimu wetu wa Kiswahili atatabasamu. Kutosa ni kudumbukiza kitu majini, kutokosa ni kuchemsha kwa maji, kutosha mnakujua. Basi mimi nasema mayai ya kutosa hutosha watu wengi kuliko mayai ya kutokosa.

Chakula hiki si uvumbuzi wangu. Watu wa Tunisia, Libya na Algeria hukiita shakshuka na hukila sana asubuhi. Wameksiko wana mayai yao ambayo jina lake maana yake ni mayai yaliyozama, na Waitalia wa Napoli wamekwenda mbali zaidi, wao huyaita mayai ya toharani, labda kwa sababu ya kule kuteseka kwenye mchuzi mwekundu unaochemka. Wote hawa, isipokuwa Wameksiko, walikuwa hawana nyanya wala pilipili kabla ya safari ya Columbus ya mwaka wa 1492, kwani mimea hiyo asili yake ni Marekani ya Kati na ya Kusini. Kwa hivyo asije mtu akasema ati hiki ni chakula cha wageni. Hata ile nyanya ya kachumbari yetu ilikuja kwa meli.

Sasa tuingie jikoni. Kwa watu sita tafuta nyanya sita zilizoiva sana, zile laini ambazo mwenye kibanda huziuza rahisi jioni kwa kuwa hazifai kachumbari. Kachumbari hutaka nyanya ngumu, mchuzi hutaka laini. Laini lakini si zilizooza, jamani. Tafuta pia kitunguu kimoja kikubwa, punje mbili za kitunguu saumu, hoho moja ikiwapo, mafuta vijiko viwili, nusu kijiko cha binzari, chumvi, na pilipili kwa kadiri ya ujasiri wako. Mayai matatu yanatosha kuanzia.

Pika chai kwanza uiweke kwenye chupa, ndipo ubandike sufuria ya mchuzi. Kaanga kitunguu hadi kilainike, tia saumu na hoho, kisha binzari. Binzari ikaangwe kidogo kwenye mafuta, ukiitia mwishoni itabaki na ladha ya unga. Tia nyanya ulizozikatakata na chumvi, funika. Usiongeze maji! Hili ndilo lililonipendeza zaidi katika mji wetu ambapo jerikeni moja ya maji huhesabiwa. Nyanya ni maji kwa zaidi ya asilimia 90, zinajipikia zenyewe. Baada ya kama dakika kumi na tano mchuzi utakuwa mzito na mafuta yatajitenga pembeni.

Hapo punguza makaa. Chimba vishimo vitatu kwa mgongo wa mwiko. Vunja yai kwenye kikombe kwanza, ulinuse, ndipo ulimimine shimoni. Yai viza moja likiingia moja kwa moja limemaliza sufuria nzima. Ukitaka kulijua mapema, liweke kwenye maji: likielea ni la zamani, kwa sababu unyevu hutoka kupitia kwenye ganda na hewa ikachukua nafasi yake. Funika tena, usikoroge, ngoja dakika sita hivi. Ute hushikana kabla ya kiini. Wakubwa wengine hupenda kiini kinachotiririka, lakini kwa mtoto mdogo, mama mjamzito au mzee, acha kiini kikauke kabisa, kwani yai bichi laweza kuwa na viini vya salmonela.

Je, kweli hutosha? Sitawadanganya, nusu yai ni nusu yai, na protini yake ni kama gramu 3 tu. Lakini nusu yai la kutokosa humezwa kwa tonge moja, ilhali hili limekuja na mchuzi wa kuchovya chapati au slesi mbili za mkate, na nyanya huleta vitamini C ambayo yai halina. Kama jana mlikula isyo na haijachacha, chota maharagwe yake uyatie kwenye mchuzi yachemke vizuri kabla ya mayai. Hapo protini imepanda na hakuna yai lililoongezwa. Kwetu siku za isyo ndizo tunazozingojea.

Dada zangu na kaka zangu, wote mnaweza kupika haya. Mvulana anayengoja dada yake aamke atachelewa gwaride, shauri yake. Tangu kukata kitunguu hadi kuepua ni kama nusu saa. Usiupike jioni ukauacha hadi asubuhi, joto la Mtito halisamehe chakula. Na mkimaliza kula msiache masalio ndani ya sufuria ya alumini mpaka mtoke shule. Asidi ya nyanya huila, na sufuria yenyewe ni ya mama.