Kuzuia Mwani katika Tangi la Samaki

Maji ya tangi la samaki yakigeuka kijani, mwani umestawi. Viumbe hivi vidogo hugombea mwanga, naitreti na fosfati na mimea iliyopandwa tangini. Mrututu huua mwani, lakini huweza kuua samaki na konokono pia. Na mwani uozapo hupunguza oksijeni majini.

Njia bora ni kuunyima mwani riziki yake. Tangi lisipigwe na jua. Taa iwake saa 8 tu kwa siku. Chakula cha samaki kisizidi. Majani yaliyooza yaondolewe. Robo ya maji ibadilishwe kila juma. Mimea ikuayo haraka iwe mingi.

Jaribio: Jazeni maji ya tangi katika chupa 2 za kioo. Wekeni moja dirishani penye jua, nyingine kabatini. Baada ya majuma 2, linganisheni rangi zake na mweleze sababu ya tofauti.