Nani Huandika Ubao wa Chakula?

Wanafunzi wenzangu, na ninyi kaka zetu mliokwisha toka shuleni, somo hili sikulipata darasani. Nililipata likizoni, nyumbani kwetu Rumonge kando ya Ziwa Tanganyika, katika mkahawa wa mama mdogo wangu.

Mkahawa wenyewe una meza tano chini ya paa la mabati, karibu na mwalo. Mlangoni pana ubao mweusi, na kila asubuhi mama mdogo huandika kwa chaki chakula cha siku ile. Tangu utoto wangu naujua ubao ule kwa kigeugeu chake. Mara mukeke wa kuchoma, mara ndagala wabichi wa kukaanga, mara maharage na isombe tu, pamoja na ugali wa muhogo. Mawese peke yake hayakosekani, maana michikichi imetuzunguka pande zote. Nami kwa ujinga wangu nilidhani kwamba mabadiliko hayo ni uzembe wa mpishi.

Likizo iliyopita nilimleta rafiki yangu, kijana wa milimani ambaye alikuwa hajapata kula mukeke. Njia nzima nilimsifia samaki huyo mpaka mate yakamjaa kinywani. Tulipofika, ubao ulisema: maharage, isombe, ndagala wakavu. Nikaona haya, nikasema kwa sauti mbele ya wateja, "Mama mdogo, mkahawa gani huu wa kando ya ziwa usio na samaki mbichi?" Mafundi wa mitumbwi waliokuwa wakila wakanyamaza. Mama mdogo akafuta mikono yake polepole, akasema, "Mwanangu, wewe ndiwe msomi. Jana usiku ulitazama juu?"

Sikuwa nimetazama. Mwezi ulikuwa mpevu.

Labda msomaji wa bara atauliza, mwezi na chungu vina udugu gani? Ndagala, ambaye jirani zetu wa Kigoma humwita dagaa, mchana hukaa chini katika maji ya giza. Usiku hupanda juu akifuata vijidudu vya majini, ambavyo ndivyo chakula chake. Wavuvi wetu huunganisha mitumbwi kwa miti, huwasha taa (zamani za karabai, siku hizi za betri), na samaki wakikusanyika katika mwanga, wavu huinuliwa kutoka chini yao. Mukeke naye huja, kwa kuwa yeye humla ndagala. Lakini mwezi ukijaa, ziwa lote lina mwanga, na taa ya mvuvi hupoteza nguvu zake. Siku hizo watu hubaki pwani wakishona nyavu, na mama mdogo huloweka maharage.

Mwandishi wa pili wa ubao ni upepo. Ziwa letu lina kina cha mita 1,470 hivi, nalo halichanganyiki mpaka chini. Maji ya juu ni ya vuguvugu. Ya chini ni baridi kidogo, hayana oksijeni, lakini yana rutuba nyingi. Tangu Mei hata Septemba, upepo wa kusini husukuma maji ya juu kuja kaskazini, na kule kusini maji ya chini yakapata nafasi ya kupanda. Upepo unapotulia, maji yaliyoelemea upande mmoja hurudi na kuyumba, kama maji ya beseni lililotikiswa, na rutuba ikafika hata huku kwetu. Huota mimea midogo isiyoonekana kwa macho, vijidudu wakaila, ndagala wakala vijidudu. Kiangazi ndicho pia kinachotupa ndagala wakavu walio wazuri, maana huanikwa juani. Masika hunyeshewa wakaoza, na ndipo maharage mapya ya Januari yanapotuokoa.

Sasa nifike mahali panaponiumiza. Mwaka 2003 wataalamu walitangaza kwamba maji ya ziwa hili yamepata joto, na kwa hiyo tabaka mbili zile huchanganyika kwa shida kuliko zamani. Wakakadiria kwamba mavuno ya samaki yamepungua kwa 30 hivi katika kila 100. Juu ya hayo, wako watu wanaovua ufukoni kwa vyandarua na kuzoa hata watoto wa samaki. Vitoto hivyo huuzwa rahisi. Mama mdogo hawanunui. Jirani mmoja hununua, na katika siku za mwezi mpevu wateja wetu huhamia kwake. Nimewaona kwa macho yangu wakipita mbele ya ubao wetu, wakausoma, wakaenda zao.

Serikali za nchi nne zenye ziwa hili, yaani Burundi, Tanzania, Kongo na Zambia, zilipatana uvuvi upumzishwe miezi mitatu kwa mwaka. Tanzania ilifunga upande wake tangu 15 Mei hata 15 Agosti 2024. Katika karatasi ya mtihani ningeandika bila kusita kwamba jambo hili ni jema, na hata sasa naona hivyo. Lakini likizoni mimi ndiye niandikaye hesabu za mkahawa, na karo yangu hutoka katika sanduku lile lile. Juma moja la mwezi mpevu hulipunguza sanduku hata likasikika tupu ukilitikisa. Nikamwuliza mama mdogo, miezi mitatu utaandika nini? Akahesabu kwa vidole: maharage mapya ya Juni, isombe, ndizi, mihogo, ndagala wakavu waliowekwa mapema. Alipofika kidole cha tano akanyamaza kidogo, akasema, "Na wewe utavaa viatu vile vile."

Rafiki yangu alikula isombe sahani mbili.

Asubuhi ya kurudi shule mwezi ulikuwa umekwisha pungua. Mama mdogo alinipa chaki akaniambia niandike "ndagala wabichi". Nilipofika "ndagala" alinishika mkono nisiendelee. Tukasimama mlangoni, tukitazama mitumbwi ikija.