Breki za Gari Jipya la Spoti: Kipuri Kipi Kinalingana?

Mwenye gari la spoti aina ya Toyota 86 akiwa Arusha hapati taabu mpaka siku pedi za breki zinapokwisha. Maduka ya vipuri yana rafu tele za pedi na diski za Corolla, Hiace na Land Cruiser, lakini muuzaji akiulizwa za gari hili huenda akatikisa kichwa. Hapo hubaki njia mbili: kuagiza ng'ambo na kungoja, au kutafuta kipuri cha gari jingine kinacholingana nalo. Njia hii ya pili si ubabaishaji, ilimradi aifuataye anaelewa maana ya neno "kulingana".

Ikumbukwe kwanza kwamba gari hili lina wazazi wawili. Toyota na Subaru walilibuni kwa pamoja, na tangu mwaka 2012 limekuwa likiundwa katika kiwanda cha Subaru huko Gunma, Japani. Toleo la pili, GR86, lilitokea mwaka 2021. Subaru huliuza kwa jina la BRZ. Kwa hiyo, atafutaye breki zake katika rafu ya Toyota anabisha hodi nyumba siyo. Breki hizo zina udugu na za Subaru Impreza, Legacy na Forester, na pedi za mbele za aina nyingi za toleo la kwanza zina umbo lile lile la pedi za baadhi ya magari hayo.

Hata hivyo, jina la gari peke yake halitoshi. Toleo la kwanza lilitoka na diski za mbele za kipenyo cha milimeta 294 au 277, kutegemea aina. Tundu za boliti za gurudumu ni tano, katika duara la kipenyo cha milimeta 100. Impreza nyingi zina duara hilo hilo, lakini Impreza WRX STI za kuanzia modeli ya mwaka 2005 zina duara la milimeta 114.3. Diski ya STI hiyo, hata iwe nzuri namna gani, haitakaa. Fundi hodari hudai namba ya chasisi, kisha hushika rula na kupima: kipenyo, unene, kimo cha diski, tundu la katikati, na umbali baina ya boliti mbili zinazoshika kalipa.

Tuseme sasa vipimo vyote hivyo vimekubali, ila kalipa mpya ina pistoni ya milimeta 44 badala ya 40. Je, tofauti hiyo ni ndogo? Kwa kanuni ya Pascal, kanieneo katika mafuta ya breki ni ile ile kila mahali, na kani ya pistoni ni kanieneo mara eneo. Eneo hufuata mraba wa kipenyo: 44 × 44 ni 1,936, na 40 × 40 ni 1,600. Uwiano wake ni 1.21. Kwa hiyo magurudumu ya mbele yatabanwa kwa kani iliyozidi kwa asilimia 21, ilhali ya nyuma yamebaki kama zamani. Isitoshe, pistoni kubwa hudai mafuta mengi zaidi ili isogee umbali ule ule, na kwa kuwa masta silinda haikubadilishwa, dereva ataona pedali inazama zaidi. Badiliko kama hilo likifanywa nyuma badala ya mbele, hatari ni kubwa zaidi: magurudumu ya nyuma yanaweza kujifunga kabla ya yale ya mbele, na gari likageuka mkia mbele.

Kuna pia suala la joto, na hapa mitelemko ya Meru inahusika. Tuchukue gari la kilo 1,300 lishukalo kimo cha meta 300 kutoka kijiji cha mlimani hadi barabara kuu ya Moshi, likiendeshwa kwa breki tupu. Nishati itakayogeuzwa kuwa joto ni 1,300 × 9.8 × 300, yaani jouli milioni 3.8 hivi. Ikiwa diski zote nne zina jumla ya kilo 28 za chuma, na kila kilo hudai jouli 460 kwa kila digrii, jotoridi lingepanda kwa karibu nyuzi 300. Kwa kweli upepo huondoa sehemu ya joto hilo, na gia ndogo hupunguza mzigo wa breki. Lakini sasa ni dhahiri kwa nini diski nyembamba iliyochongwa na kuchongwa tena haifai, hata kama inaingia bila shida. Pedi isiyo ya kiwango chake hupoteza msuguano ikishapata moto.

Joto hilo hupita katika pedi na pistoni hata kuyafikia mafuta. Mafuta ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hayapaswi kuchemka chini ya nyuzi 205 za Sentigredi; yakishanyonya unyevu wa hewa, kiwango hushuka hadi 140. DOT 4 ni 230 na 155. Yakichemka hutoa mvuke, na mvuke, tofauti na mafuta, hubonyea: pedali huenda chini na gari haliitikii.

Kuazima vipuri si jambo jipya. Datsun 240Z, iliyoshinda Safari Rally ya Afrika Mashariki mwaka 1971 na 1973, ilikuwa na diski mbele na dramu nyuma. Baadaye mafundi waligundua kuwa kalipa za pistoni nne za pikapu ya Toyota yenye kuendeshwa kwa magurudumu yote zinaingia mbele ya Datsun hiyo, kwa kuwa umbali wa boliti ni ule ule. Bati la kukinga vumbi tu ndilo lililobidi kukatwa.

Darasani, mwalimu aunganishe kwa mpira mwembamba mabomba mawili ya sindano, moja la mililita 5 na jingine la 20, yakiwa yamejaa maji bila hewa. Wanafunzi wasukume dogo na kupima kila moja limesogea milimeta ngapi, kisha waache kiputo cha hewa ndani na kurudia.